Vipimo saba vya korona kutoka Leicester na karatasi moja ya maabara ya hapa Malindi

Ndani ya droo ya cherehani yangu kimebaki kipimo kimoja cha korona. Vilikuwa saba. Wifi yangu alikuja navyo kutoka Leicester Desemba 2021, alipokuja harusini, vimepangwa ndani ya kisanduku chembamba. Kule Uingereza siku hizo serikali ilikuwa ikivigawa bure, na haikuacha kuwagawia watu wote mpaka tarehe 1 Aprili 2022. Hapa Malindi, pwani ya Kenya, Januari ya 2022, kipimo cha aina hiyohiyo nilikilipia shilingi 1,500 kwa mtoto mmoja, kwenye chumba cha maabara kilicho nyuma ya duka la dawa.

Nilivitumia vya wifi na cha maabara ndani ya juma moja, katika nyumba moja, na mavyaa wangu mwenye sukari na pumu yumo humohumo. Wazazi wenzangu bado huniuliza kama vitu hivi vinafaa, kila kikohozi kikizuka darasani. Nawajibu kwa niliyoyaona. Kisanduku cha wifi nakipa nyota nne kati ya tano. Maabara ile naipa moja.

Nianze na kisanduku. Usiku aliofika wifi hakuingia ndani. Alikaa barazani na barakoa usoni, begi miguuni, na mamake anamwita kutoka ukumbini, "Njoo, mwanangu, njoo nikuone." Walikuwa hawajaonana tangu kabla ya korona. Wifi akasema, "Mama, ningoje robo saa tu." Akapenga kamasi, akatoa kijiti chenye pamba, akakizungusha mara tano kila tundu la pua, akakisugua ndani ya kichupa chenye maji yake, akaminya na kukitoa, kisha akadondosha matone manne kwenye kibao cha plastiki. Kwenye kile kibao kuna herufi mbili, C na T. Mstari wa C lazima utoke, usipotoka kipimo kimeharibika na hakisomwi. Mstari wa T ukitoka, hata uwe mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, basi unayo. Sote tulikiinamia kile kibao kwa tochi ya simu. C ikatoka peke yake. Wifi akaingia akamkumbatia mamake, lakini barakoa hakuivua, na dirisha akalifungua. Siku ile niliona anazidisha. Baada ya wiki tatu nilimwelewa.

Kilichokiondolea kisanduku nyota yake ya tano ni joto na karatasi. Karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mbegu za ufuta, na katika nyumba yetu anayeisoma mpaka mwisho ni mimi na binti yangu mkubwa. Juu yake imeandikwa kwamba vipimo vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30 za joto. Nani atakayenihakikishia nyuzi 30 mjini Malindi wakati wa kaskazi, ndani ya nyumba ya mabati, saa nane mchana? Mimi nilivitia kwenye mkoba wa ukili nikauweka sakafuni ubavuni mwa mtungi, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani kwangu. Viliwekwa vizuri na vikafanya kazi, kama nitakavyoeleza.

Sasa shule. Binti yangu alikuwa darasa la nane katika shule moja ya kulipia hapa mjini. Wanaokumbuka kalenda ile watajua tulivyokuwa. Shule zilifungwa nchi nzima Machi 2020, Oktoba wakarudi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, na waliobaki hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Muhula wa tatu wa mwaka wa masomo wa 2021 ukaja kuangukia Januari 2022, umebanwa, na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa ianze tarehe 7 Machi. Mtoto aliyekwisha kukosa miezi tisa ya masomo akiwa nyumbani akichota maji na kunisaidia kutia vifungo, ukimwambia tena akae nyumbani, unamwambia jambo zito. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini wazazi tulikimbia siku ile kama tuliotimuliwa na nyuki.

Jumatatu tarehe 10 Januari mwalimu wao wa hisabati aliugua, akapimwa, akapatikana nayo. Jumanne asubuhi darasa zima likarudishwa nyumbani na barua: mtoto akae siku 14, au arudi na karatasi ya maabara inayoonyesha kwamba hana. Ile "au" ndiyo iliyoleta mambo yote. Saa tano nilikuwa ndani ya tuktuk na binti yangu, saa tano na nusu tulikuwa kwenye foleni. Nilihesabu akina mama kumi na mmoja mbele yangu, watoto na sare zao, wamesongamana katika ujia ambao wawili wakipishana hugusana mabega. Kama kulikuwa na mtoto mmoja mgonjwa pale, alitugawia sote.

Kijana wa maabara alikuwa mpole, sina neno naye kwa tabia. Kazi ndiyo iliyonitia uchungu. Kijiti alikigusisha tu mlangoni mwa pua ya binti yangu, tundu moja, kama anayefuta vumbi. Binti hakutoka hata chozi la kuwashwa. Boksi la vipimo lilikuwa juu ya kaunta penye dirisha la vioo, jua linalipiga. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi si zinatakiwa kivulini?" Akanijibu, "Hazina shida, mama." Na jibu, linalotaka dakika 15, nililipata kwa dakika kama sita, limeandikwa kwa kalamu na kupigwa muhuri: hana. Nikalipa. Nakiri nilifurahi. Nilikunja ile karatasi nikaitia kwenye pochi kama hati ya shamba.

Jumatano binti alikuwa darasani. Alhamisi magharibi alirudi koo linamkereketa, mwili moto, chakula hataki. Nikatoa kisanduku sakafuni. Mara hii tulipima sawasawa, matundu yote mawili, saa ya simu imewekwa. Mstari wa T haukungoja dakika 15. Ulitoka kabla ya C kukolea.

Nilikaa pale jikoni nikahesabu. Siku mbili amekaa darasani na wenzake thelathini na kitu. Jumatano jioni amekwenda madrasa. Na usiku zote mbili amelala chumba cha mavyaa, kwa sababu mavyaa hupenda kusomewa kabla ya kulala na binti ndiye msomaji wake. Ningekuwa sina ile karatasi, ningemlaza kwingine. Karatasi ndiyo iliyonifanya nimlaze pale.

Usiku uleule nikampima mavyaa. Hana. Wifi alikuwa amekwisha kurudi Leicester, nikampigia simu, akaniambia maneno ambayo ningeyajua Jumanne yangeniokolea mengi: "Wifi, hiyo haina maana usiku huu. Mpime tena keshokutwa, na kuanzia sasa hivi mchukulie kwamba anayo." Jumamosi nikampima. Mstari mwembamba, lakini upo.

Mavyaa alikuwa amechanjwa mara mbili, AstraZeneca, kwa kuwa wazee walitangulizwa. Alikohoa wiki mbili, na usiku mmoja pumu ilimbana mpaka tukasimamisha tuktuk mlangoni tayari kwenda hospitali. Alipona, namshukuru Mola. Kwa usiku ule mmoja, mpaka leo siwezi kuyachukulia mambo ya kupima kwa wepesi.

Baada ya pale nilisoma, nikauliza, nikamsumbua binamu yangu aliyesomea maabara Mombasa. Kumbe kipimo hiki cha haraka hutafuta protini ya kirusi, na ili mstari uonekane, kirusi kiwe kimejaa puani kwa wingi. Kile kingine, PCR, ambacho sampuli za Pwani zilikuwa zikipelekwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi kufanyiwa, huchukua chembe ya kinasaba cha kirusi na kuizidisha mara nyingi sana mpaka hata kidogo kabisa kionekane. Basi mtu aliyeambukizwa jana au juzi, kirusi ndio kwanza kinazaana, kipimo cha haraka hukipita bila kukiona. Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini: kipimo cha haraka kiwakamate angalau wagonjwa 80 katika 100, na katika watu 100 wasio nayo, kiwaache salama angalau 97. Wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipokusanya tafiti nyingi pamoja na kuzitoa mwaka 2022, waliona kwamba kwa wenye dalili vipimo hivi hukamata kama 73 katika 100, na juma la kwanza la dalili hupanda kufikia kama 80. Kwa wasio na dalili ni kama 55 tu. Binti yangu Jumanne ile hakuwa na dalili yoyote. Hata angepimwa na fundi bora wa Pwani nzima, kwa kipimo kilichotunzwa vizuri, karibu nusu ya watoto wa namna yake wangeambiwa hawana na wanayo. Na yeye alipimwa kwa kijiti kilichogusa pua tu.

Upande wa pili ndio wenye nguvu. Kikisema unayo, kwa kawaida unayo, kwa sharti kwamba umefuata saa. Hili nalo nililijua kwa kuumia. Jumapili nilimpima mwanangu wa kiume, wa gredi ya nne, kabla ya magharibi. Dakika 20 zikapita, C peke yake, nikaacha kile kibao juu ya kabati nikaenda kumkanda mavyaa kifua. Mume wangu alirudi na boti kutoka Ngomeni saa tano za usiku, akakiona, akaniamsha: mstari wa pili umo, hafifu, wa kijivujivu. Hatukulala. Mtoto tulimhamishia ukumbini usingizini, masikini, akaamka analia. Alfajiri nikaisoma tena karatasi: baada ya dakika 30 usisome, maji yakikauka huweza kuchora mstari wa uongo. Tukampima upya, C peke yake, na hakuugua mpaka mwisho. Hicho kilikuwa kipimo cha sita. Mimi na mume wangu hatukujipima hata mara moja, tulivaa barakoa ndani ya nyumba tukajihesabu wote tunayo, ili kibaki kimoja kwa ajili ya mavyaa hali ikibadilika.

Sasa niseme la shule, maana ndilo linaloniuma kuliko lile la maabara. Barua ile ya "siku 14 au karatasi" haikupima ugonjwa. Ilipima mfuko. Mimi mshonaji, nilikuwa na 1,500 kwa sababu ya sare za harusi. Jirani yangu mume wake ni dereva wa tuktuk isiyo yake, ana watoto wawili katika lile darasa, mapacha. Shilingi 3,000 ni siku ngapi za kazi baada ya mafuta na hesabu ya mwenye chombo? Wale mapacha walikaa nyumbani siku 14 wakiwa wazima, hawakukohoa hata mara moja, miezi miwili kabla ya mtihani. Binti yangu aliyekuwa nayo alikuwa darasani. Nilipokutana na yule mama kisimani sikuweza kumtazama usoni.

Tarehe 22, Jumamosi, tuliitwa mkutano chini ya mkungu wa shule. Nilisimama. Nilisema, "Mwalimu, karatasi yangu ilikuwa ya uongo, na binti yangu nilimleta mwenyewe." Palikuwa kimya. Sikusema kwa kumlaumu mwalimu mkuu. Ana walimu watu wazima, ana mlinzi mzee, na ana bodi inayomwuliza amefanya nini. Karatasi yenye muhuri ni kitu anachoweza kukitia kwenye faili. Lakini nilimweleza alichonielezea wifi, kwamba mwaka 2021 huko Uingereza walichukua shule 201, nusu wakawaweka nyumbani siku kumi watoto waliokaribiana na mgonjwa, nusu wakawaacha waje shule huku wanapimwa kila siku, siku saba. Maambukizi hayakuzidi kwa hawa wa pili, na kwa pande zote mbili walioambukizwa miongoni mwa waliokaribiana na mgonjwa shuleni walikuwa chini ya wawili katika mia. Mzazi mmoja akaniuliza, na ni haki yake kuuliza, "Vipimo vya kila siku, siku saba nzima, atalipa nani?" Sikuwa na jibu, maana kule vilikuwa bure. Tena utafiti ule ulifanywa kabla ya Omikroni, ambayo iligunduliwa kusini mwa Afrika Novemba 2021 na ilienea kwa kasi kuliko zilizotangulia.

Tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, awe na karatasi asiwe nayo. La pili, waliokaribiana na mgonjwa na ni wazima waje, wavae barakoa, madirisha yawe wazi mchana kutwa na wakae upande mmoja wa darasa, na mwenye uwezo wa kupima apime siku ya tatu na ya tano, si siku ya kwanza. Hilo la siku lilichukua nusu saa kueleweka, maana kila mzazi hutaka kupima saa ileile apatapo habari. Nawaelewa. Moyo unataka jibu, lakini siku ya kwanza hakuna jibu.

La tatu mwalimu mkuu alilikataa: kwamba mtoto aliyeugua arudi baada ya siku kumi bila kuombwa karatasi. Alitaka karatasi, na mara nyingine alitaka ya PCR. Kwa sharti hilo kuna mtoto mmoja wa darasa la saba alikosa wiki tatu. Alishapona, anacheza mpira uwanjani, lakini PCR iliendelea kusema anayo, kwa sababu inaweza kuokota mabaki ya kirusi wiki kadhaa baada ya mtu kuacha kuambukiza. Kwa kazi ya kumrudisha mtoto darasani, kipimo cha haraka kingefaa zaidi. Kule kwa wifi tangu tarehe 17 Januari 2022 mtu aliruhusiwa kutoka baada ya siku tano kamili akipimwa hana siku mbili mfululizo. Sisi wa kwetu alirudi siku ya kumi na moja, baada ya mimi kulipa 1,500 nyingine, mara hii kwenye maabara tofauti ambayo sina lalamiko nayo: walipima matundu yote mawili, walitukalisha dakika 15, na vipimo vyao vilikuwa ndani ya kabati mbali na dirisha.

Kwa anayetaka kununua leo, mimi ningetazama kwanza tarehe ya mwisho kwenye kisanduku, kisha ningeuliza vinakaa wapi. Duka likivipanga kwenye kioo cha mbele, penye jua, nakwenda duka jingine. Singenunua kimoja. Ningenunua viwili kwa kila mtu, kwa sababu kimoja cha usiku huu bila cha keshokutwa ni nusu ya kazi. Pesa zikiwa za kimoja tu, ningengoja dalili zitokee, au siku ya tatu, ndipo nikifungue. Na kwa nyumba yenye mzee, vipimo vya kwanza si vya mtoto aliye mzima anayetaka kurudi shule. Viwekwe kwa ajili ya aliye karibu na mzee.

Binti yangu alifanya mtihani wake Machi, akaingia sekondari. Mavyaa bado husomewa usiku, ila siku hizi mtoto akiwa na mafua hukaa kizingitini asome kwa sauti ya juu. Kile kipimo cha saba tarehe yake imepita. Wifi aliponiuliza kwenye simu wiki iliyopita kama nimekitupa, nilimwambia nakitupa kesho, lakini kisanduku nimebaki nacho, nimetia vifungo.